Baba, Sifa Anakwenda Kuwinda Karoo

Baba yangu, mwindaji uliyezikwa mbali na msitu wako,

Nakuandikia kutoka Malvern, Johannesburg, ndani ya chumba changu cha kushonea kinachotazama barabara ya Jules. Ni Jumatano mchana. Mteja wa sare za kwaya hajaja, cherehani imetulia, na nina muda wa kukuambia jambo ambalo ungekuwa hai ungelikataza kabla sijafika katikati.

Ijumaa hii mjukuu wako wa kike Sifa, mwenye miaka kumi na mitano, anakwenda kuwinda kwa mara ya kwanza. Anakwenda Karoo, nchi ya juu iliyo kavu, mwendo wa siku nzima kwa gari kutoka hapa. Huko hakuna msitu. Kuna mawe, vichaka vinavyofika magotini, na upepo. Anamfuata springboki, swala wa rangi ya mdalasini mwenye tumbo jeupe na mstari mweusi ubavuni, anayeruka juu kana kwamba ardhi inamchoma kwato. Mpango wote nimeupanga mimi tangu Machi.

Najua ungesema nini, kwa hiyo acha nianze na hapo.

Nilikuwa na miaka tisa. Ulikuwa umetandaza wavu uani kwetu, kule Kongo, milima ya Fizi, unaukagua fundo kwa fundo kama ulivyofanya kabla ya kila msako. Nilikuwa namkimbiza kuku wa mama. Kuku akapita juu ya wavu, nami nikapita nyuma yake. Hukunipiga. Uliukunja taratibu, ukasema, "Umeona aibu." Ulikuwa unausema wavu, maana ulikuwa umerukwa na mtoto wa kike. Siku tatu wavu ulining'inia juu ya moshi wa majani machungu ili utakaswe, wanaume wakakaa nyumbani, na kijiji kizima kikajua ni kwa sababu ya nani kinakula sombe tupu, majani ya muhogo bila nyama. Mwezi huohuo mdogo wangu Amani, wa miaka saba, alisinzia katikati ya wavu uleule na kuukojolea. Ulicheka mpaka ukashika kiuno.

Tangu siku ile niliijua kazi yangu: kuteka maji, kuweka moto tayari, na kusikiliza njuga za mbao shingoni mwa mbwa zikishuka mlimani. Kwa mlio wake niliweza kujua kama mmepata au mmekosa, hata kabla hamjatokea kwenye migomba. Nilikuwa hodari sana wa kukisia, Baba. Hakuna aliyewahi kuniuliza.

Sifa ndiye aliyeniuliza. Mwaka jana, tukitoka kwa mjomba wake Amani anayeishi Troyeville, aliniambia kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, maana shuleni wanaongea Kiingereza na Kizulu, "Mama, mjomba ana stori nyingi za babu porini. Wewe zako ziko wapi?" Nikamweleza habari ya njuga. Akasubiri iendelee. Ilikuwa imeisha.

Sasa nikujulishe mzee Gert. Ni mteja wangu, Mzungu aliyestaafu, mzaliwa wa huko Karoo. Huniletea mifuko ya turubai ya bunduki niishone upya inapochanika. Siku moja mwezi Machi alisahau darubini yake ndogo juu ya meza yangu. Aliporudi alimkuta Sifa mlangoni, ameielekeza ng'ambo ya barabara, anasoma bei za spaza, kile kiduka cha Mhabeshi.

"Inaonyesha vizuri?" akamuuliza.

"Nyanya zimeoza," Sifa akamjibu.

Mzee alicheka. Akasema kila Juni ndugu yake hupunguza springboki shambani kabla hawajamaliza malisho, na kwamba wajukuu zake mwenyewe ukiwaambia habari ya kuamka mapema na kutambaa kwenye miiba wanakutazama kama mgonjwa. "Hawataki kwenda mahali ambapo simu haishiki," alisema. Sifa akaweka darubini mezani polepole. "Mimi nataka," akasema. Kisha akanitazama mimi.

Unanijua. Sikusema ndiyo wala hapana, nilichukua kalamu. Nilimuuliza mzee Gert kuhusu sheria, nikahakikisha mwenyewe kwa watu wawili wengine: mtoto anaruhusiwa kutumia bunduki ikiwa mwenye leseni yuko kando yake, kwa umbali wa mkono. Nilimuuliza kuhusu baridi, kwa sababu Juni huko maji yanaganda ndani ya ndoo. Nilimuuliza nani mwingine atakuwepo, tutalala wapi, na mlango wa chumba chetu unafungwa na nini. Akajibu yote. La mwisho alilijibu akiwa amevua kofia, na hapo ndipo nilipoanza kumwamini.

Kila Jumamosi alituchukua wawili, Sifa na mimi, kwenye uwanja wa shabaha nje ya mji. Siku ya kwanza Sifa alifumba macho kabla ya kufyatua, risasi ikachimba udongo. Siku ya pili hivyo hivyo. Jioni za katikati ya wiki, baada ya kazi za shule, alilala kifudifudi sakafuni kwangu kati ya mabaki ya vitambaa, ufito wa kupimia ukiwa bunduki, akijifunza kuvuta pumzi, kuitoa nusu, na kubana kidole bila kukurupuka. Nilichora springboki wa ukubwa kamili kwenye karatasi ya kukatia nguo, nikamtundika ukutani. Kwa chaki nikaonyesha moyo ulipo, nyuma ya kiwiko, chini kidogo ya katikati. Kisha nikachora mwingine aliyesimama mshazari, na mwingine anayeelekea mbele. Maisha yangu yote ya ushonaji ni kujua mwili uko wapi ndani ya nguo, hili halikunishinda. Wateja ndio walioshangaa. Mama mmoja wa Burundi alisimama pale na gauni lake mkononi, akatazama ukuta, akauliza, "Mama Sifa, siku hizi unawashonea hata mbuzi?"

Kufikia Mei Sifa alikuwa anapiga risasi tano ndani ya duara lisilozidi kisosi, kwa mita mia. Mzee Gert alimpa maswali matatu ya kujiuliza kabla ya kufyatua: Amesimama ubavu? Nyuma yake kuna nini? Moyo wangu umetulia? Jibu moja likiwa hapana, bunduki inashushwa. Mimi nikaongeza la nne: Bado unataka? Mzee alikunja uso, akasema hilo halimo katika mafunzo. Nikamwambia sasa limo.

Kuna mahali nilikosea, Baba, na kosa lile ni lako na langu. Nilimshonea mtoto nguo za kuwindia. Nilifanya kazi nzuri. Nilimwekea ngozi ya kondoo magotini na viwikoni kwa ajili ya kutambaa, nikaondoa vishikizo vyote vya kubandua kwa sababu vinapiga kelele, nikaweka vifungo vya mbao. Na kitambaa nilichagua kijani kibichi kilichokolea, rangi ya shati lako la msako, ninayoikumbuka kuliko ninavyokumbuka uso wako. Sifa alipotoka nyuma ya pazia mzee Gert alikaa chini.

"Nguo nzuri sana," akasema. "Springboki watamwona akiwa bado wilaya ya pili. Watadhani ni mti. Na kule mti ukitembea, hakuna anayengoja kuuliza."

Sifa alicheka mpaka akalegea. Mimi sikucheka mara moja. Nilikuwa nimeulizia sheria, baridi na vitasa vya milango, nikaandika yote, na bado mikono yangu ilikuwa imempangia mtoto msitu wako. Nilifumua kila kitu. Nikanunua kaki, nikaichemsha kwa sabuni kali, nikaianika juani wiki nzima mpaka ikapauka kama nyasi zilizokauka, nikashona upya. Ngozi ya kondoo ilibaki. Hiyo haikuwa na kosa.

Habari zilimfikia Amani, na Jumapili mbili zilizopita akatuita kwake Troyeville baada ya ibada. Mwanao ni mtu mzima sasa. Ni mlinzi wa duka mjini, ana bastola kiunoni na kitambi juu yake. Wifi yangu, Mama Deo, alikuwa amepika ugali na samaki. Hatukuwa hata tumenawa.

"Dada, tumesikia," akaanza, kwa sauti yako kabisa. "Tumesikia unamfundisha mtoto wa kike kuua."

"Anayefundisha ni mzee Gert. Mimi nashona."

"Papa angekuwa hai..."

"Angekasirika. Endelea."

"Unafanya mchezo. Mwanamke hagusi kitu cha kuwindia. Kinakufa."

"Huo mkanda wa bastola anakufulia nani?"

Mama Deo akajibu kwa niaba yake kutoka jikoni. "Ni mimi. Na haujafa. Unanuka jasho tu."

Sifa akainua mkono kama yuko darasani. "Eish, mjomba, mimi sitaki ugomvi. Nauliza tu. Yule funo wako wa kwanza, nani alimla?"

Hapo Amani akalainika, maana anaipenda hadithi ile. Alikuwa na miaka kumi. Funo, yule swala mdogo mwekundu wa msituni, aliingia upande wa wavu alioushika yeye. "Alikula babu yako," akasema. "Ukiua mnyama wako wa kwanza, wewe huonji. Anaonja kwanza mkubwa wa nyumba. Akishakula, ndiyo unaitwa mwindaji. Asipokula, umeua mnyama, basi. Huna jina."

"Na alipika nani?"

Amani alikuna shingo. "Mama yako."

"Nilipika na mchuzi sikupewa," nikasema.

Alipiga meza kwa kiganja. "Sasa nasema mbele ya wote. Mimi ndiye mkubwa wa nyumba hii. Nyama ya huyu mtoto siili. Na nisipokula mimi, hakuna aliyewinda."

"Mkubwa wewe? Nilikuwa nakufuta kamasi."

"Mkubwa ni mwanaume, Dada. Usijifanye hujui."

"Mimi nitakula," Mama Deo akasema, akiweka sahani. "Sifa, uniletee mbavu."

"Wewe nyamaza."

"Ninyamaze, kwani meno ni yako?"

Tulicheka, hata yeye kidogo. Lakini neno lake hakulirudisha.

Tukiwa tunarudi kwa miguu, Sifa alitangulia mbele yangu mpaka tulipovuka robot ya pili, zile taa za barabarani. Halafu akauliza, "Kwa hiyo mjomba asipokula, haihesabiki?" Nikamwambia asimsikilize mjomba. "Lakini ni sheria ya babu," akasema. "Mimi nilitaka ihesabike. Kama haihesabiki, Mama, basi tuache. Springboki hajanikosea kitu."

Nilikuwa nimepanga kila kitu isipokuwa hapo. Risasi, nguo, pumzi, upepo. Mtoto alitaka kuingia kwenye nyumba yako kwa mlango wa mbele, na Amani alikuwa ameufunga kwa ufunguo uliomwachia wewe. Tulikaa kwenye ukuta mfupi wa kanisa, na nikamwambia jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote. Nakuandikia hapa ili nawe ujue kwamba limesemwa.

Siku tuliyokimbia vita nilikuwa na miaka kumi na minne. Amani alikuwa anawaka homa, anaweweseka. Ulimfunga mgongoni kwako kwa kitenge kama mtoto mdogo, na miaka yake kumi na miwili. Mama alikuwa na sufuria na mtoto mchanga. Wavu ulikuwa umebaki mlangoni, umekunjwa. Ulitazama njia, ukatazama wavu, ukanitazama mimi. Ukasema neno moja: "Beba." Ukanitwisha kichwani kwa mikono yako mwenyewe.

Niliubeba mpaka shingo ikakataa kugeuka. Tulipolala porini nililala juu yake, na hukusema kitu. Siku ya tano tulikuwa hatuna hata muhogo. Uliutega kwenye bonde, hapakuwa na mwanaume mwingine wa kushika upande wa pili, ukaniweka mimi. Ulipiga kelele kutoka juu na mimi nikakaa nimeshika kamba kwa meno na mikono. Mbawala aliingia upande wangu, Baba. Upande wangu. Ukaja ukikimbia, ukamaliza kazi. Ulipokata ini ulikula kipande cha kwanza wewe, ukiwa umepiga magoti, machozi yanakutoka. Halafu ukamkatia Amani, ukakatia Mama. Kama ulijua ulichofanya au hukujua, mimi siwezi kusema. Nilikuwa na njaa tu, na furaha ambayo sijaipata tena kwa namna ile.

Kisha tukavuka ziwa, tukafika kambini Tanzania, ambako mkimbizi haruhusiwi kuwinda. Wanaume walikaa jioni wakisimulia walivyookoka. Nilikuwa nyuma yako napepeta mchele wa mgao. Ulisimulia habari ya mbawala. Ulisimulia vizuri, na bonde, na kelele. Na ulipofika kwa yule aliyebeba wavu na kushika upande wa pili, ulisema alikuwa jirani yetu mmoja. Wakauliza yuko wapi. Ukasema tulipotezana njiani. Niliinua macho. Ulinitazama, ukajua kwamba nimesikia, ukaendelea.

Amani anaamini habari ya jirani mpaka leo. Alikuwa mgongoni kwako anaweweseka, hana kosa.

Sifa alisikiliza yote bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake. Kisha akauliza, "Huyo jirani aliitwa nani?"

"Hakuwepo."

"Na babu alikula wa kwanza?"

"Alikula wa kwanza."

"Basi yako ilihesabika," akasema, kama mtu anayesahihisha hesabu ya mwenzake. Akashuka ukutani, akakung'uta sketi. "Ijumaa tunatoka saa ngapi?"

Baba, usidhani nimesahau mengine. Kule kambini wazee walikucheka uliponiandikisha sekondari, na ukawaambia kichwa changu si cha kubebea kuni tu. Ulikesha na homa zangu. Ulipoumwa mara ya mwisho ni mimi uliyeniita nikupe maji, na wavu wako ulikuwa umekwisha kukatwakatwa, watu wanafungia kuni. Nilikulilia kama anavyoliliwa baba mwema, na leo ukirudi nitakupikia. Lakini nitakupikia nikiwa nimekaa mezani pamoja nawe, na hadithi ile utaisimulia tena mbele yangu, safari hii yote.

Nimechoka kuwa jirani. Nimeishi miaka mingi nikiwa mtu aliyepotea njiani ndani ya hadithi yangu mwenyewe, na nilinyamaza kwa sababu nilidhani kunyamaza ni kukuheshimu. Kumbe nilikuwa nakusaidia kusema uongo. Sitamsaidia Amani kuurithi.

Kwa hiyo hivi ndivyo itakavyokuwa. Ijumaa tunaondoka saa kumi na moja alfajiri kwa gari la mzee Gert. Jumamosi, jua likishapanda na upepo ukisimama, Sifa atatambaa kwenye mawe yale. Atajiuliza maswali matatu ya mzee na moja langu. Akiona aache, ataacha, na nitamchemshia chai. Akimpata, kipande cha kwanza cha ini kitakuja kwangu mimi, mzaliwa wako wa kwanza, na nitakila mbele ya watu, na nitamwita mwindaji kwa sauti ambayo hata huko uliko utaisikia. Amani nitampelekea paja. Asipolila, Mama Deo anajua la kufanya.

Na Jumamosi hiyohiyo nitaandika tarehe na yaliyotokea. Akipiga, nitaandika Sifa amepiga. Akikosa, nitaandika Sifa amekosa. Mtoto wake atakapouliza, atapewa karatasi yenye jina.

Sikuandikii kuomba ruhusa. Nakuarifu tu, kama binti anavyopaswa kumwarifu baba yake anaposafiri na mtoto.

Pumzika, Baba. Nakupenda, na katika hili sikutii.

Mimi, binti yako wa kwanza,
niliyeubeba wavu